Mtu wa Kuniuzia Bushi Feki Bado Hajazaliwa

Maneno hayo hapo juu ni yangu. Niliyaandika kwa vidole vyangu hivi kwenye kundi letu la wapenda magari ya kizamani, nikaweka na picha. Nimekunja mikono mbele ya gari, miwani ya jua usoni, grisi kidogo shavuni.

Hiyo grisi niliipaka makusudi.

Siku nane baadaye, nikiwa nimekanyaga breki kwenye mteremko wa tangi la maji, nikasikia kitu kikisema PAA chini ya miguu yangu.

Usukani ukakataa kunisikiliza...

Gari likavuta kushoto kama mbuzi aliyeona majani ng'ambo. Kulia, lori la saruji linapanda. Kushoto, mtaro. Na kwenye kiti cha pembeni yangu, kapakata fimbo yake nyeupe, ameketi baba yangu mzazi.

Nikachagua mtaro.

Tulisimama gurudumu moja likiwa hewani. Lori likapita na honi ndefu ya matusi. Vumbi lilipotulia, Baba akauliza, kwa sauti ileile anayoombea chumvi mezani, kama ndiyo tumefika.

Wadau, injini ilikuwa haijapoa na mimi nilishajua wa kumlaumu. Nilikuwa nimesalitiwa. Jina la msaliti ninalo, na bando ninalo.

Ila ngojeni. Nikianzia hapo mtanionea huruma bure.

Gari lenyewe ni la spoti, milango miwili, la chini kiasi kwamba ukiliingia unahisi umeketi mkekani. Pua ndefu, taa mbili za mviringo kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Zamani lilikuwa jekundu. Sasa lina rangi ya kandambili iliyosahauliwa juani. Limenizidi miaka kumi na minane, na Baba husema limenizidi na adabu.

Baba alikuwa fundi redio. Gari hili alilinunua ujanani, na maisha yake yote amelitunza kwa masikio. Sisi tukisikia gari, yeye anasikia vyombo: mkanda huu umelegea, ule mfuniko haujakaa.

Halafu presha ya macho ikaanza kumla. Ilikula pembeni kwanza, ikaja katikati kidogo kidogo kama panya mwenye nidhamu. Siku hizi anaona mwanga na vivuli tu. Usukani aliuacha mwaka juzi, mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Aliegesha, akazima, akanipa ufunguo nikaufungie kabatini.

Mwezi uliopita akatuita sebuleni, mimi na Dada. Dada ni mwalimu wa fizikia, mtu ambaye ukimsalimia vibaya anakusahihisha kwanza ndipo aitikie.

Baba akasema gari haliwezi kufa limesimama. Mbele kunagonga, kila shimo kwa-kwa-kwa. Akanipa sharti moja.

"Tengeneza miguu ya mbele. Nipandishe mpaka tangini unishushe. Nikifika nyumbani sijasikia kitu kinachogonga, ufunguo ni wako. Ukishindwa, nampigia daktari wa meno."

Daktari wa meno ni jirani yetu wa barabara ya juu. Analililia gari hili tangu nikiwa darasa la tano. Kila akinikuta analiulizia kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa huku kashika tepu ya kupimia jeneza.

Mimi natengeneza simu. Kioo, chaji, spika, hayo nafanya nimefumba macho. Nikajiambia gari ni simu kubwa yenye matairi.

Dada akanicheka kwa pua. Akaleta kitabu cha gari, kile cha zamani chenye michoro, akasema nikisome kwanza.

Nikamwambia vitabu ni vya watu wasio na kipaji.

Sasa wadau, kama hamjawahi kutafuta vipuri vya miguu ya mbele vya gari lililokwisha kusahauliwa na waliolitengeneza, nyamazeni mnisikilize.

Kuna mkono wa juu na mkono wa chini, vyuma viwili vinavyolishika gurudumu lisikimbie. Kwenye maungio ya mikono hiyo kuna bushi, yaani vikombe vya chuma vyenye mpira ndani, ndivyo vinavyomeza kishindo. Kuna boli jointi, kifundo cha kugeuzia gurudumu. Kuna springi. Kuna shokapu. Kila kimoja kina ndugu mapacha watatu wanaofanana, na wawili kati yao ni waongo.

Nikaagiza mtandaoni. Zikaja bushi nzuri, zimefungwa kwa karatasi ya kung'aa, zimezidi upana milimita tatu. Milimita tatu tu. Unasukuma, unabembeleza, unatukana, haziingii. Muuzaji akaniuliza gari langu limetengenezwa kabla ya katikati ya mwaka wa toleo lake au baada. Nitajuaje na mimi sikuwapo?

Nikarudisha. Nikasubiri wiki.

Zikaja boli jointi. Zina matundu matatu ya boliti, mkono wa gari una manne. Nikamwandikia muuzaji. Akanijibu kwa kidole gumba kimesimama. Mpaka leo sijui alimaanisha nini.

Wiki nyingine ikaenda. Daktari wa meno akapita getini, akaniuliza "mgonjwa" anaendeleaje.

Kisha nikaziona zile nyekundu.

Bushi za plastiki ngumu, nyekundu kama rangi ya mdomo, za magari ya mashindano. Ukizifunga zinaonekana hata ukiinama kidogo tu. Nikafikiria picha. Nikafikiria kundi zima litakavyolala macho wazi. Nikampa Baba sampuli moja aishike.

Akaiminya. Akaigonga kwa kucha. Akaigonga tena karibu na sikio. Akanirudishia kama mtu anayerudisha mtoto aliyejikojolea.

Akasema kitu kigumu namna hii hakimezi chochote, kinakupa kila jiwe vilevile lilivyo. Yeye anataka kuisikia barabara, hataki kupigwa nayo. Nitafute mpira.

Mpira nitautoa wapi, na mtandao wote umejaa mapambo? Siku tatu nilizunguka na bushi kuukuu mfukoni, kila duka wananiambia niache namba ya simu. Nimeacha namba nyingi kuliko mgombea. Hakuna aliyepiga.

Ndipo fundi mmoja wa matairi akanielekeza kwa Mama Vipuri.

Duka lake lina upana wa mlango na urefu wa treni. Rafu mpaka dari, maboksi hayana maandishi, kila kitu kimo kichwani mwake. Amekaa nyuma ya kaunta, kanga mabegani, miwani imefungwa uzi, kifaa cha kupimia unene kinaning'inia shingoni kama cheni ya dhahabu.

Nikamwamkia. Akaitikia bila kuniangalia, akanyoosha mkono nimpe ya zamani.

Akaipima nje, akaipima ndani. Akainusa, wadau. Akaniuliza gari linalala nje au ndani. Akaniuliza nani atakayepanda, mzee au vijana. Nikaanza kuchoka, nikamwambia mimi nataka bushi, sitafuti mchumba.

Akatabasamu upande mmoja. Akapanda ngazi mpaka juu kabisa, akashuka na boksi lililopauka. Akasema ni mpira wa kweli wa gari lile, marehemu mumewe alinunua boksi zima zama hizo na hakuna aliyewahi kurudisha hata moja. Akanihesabia nne za mikono ya chini, ambazo ndizo zilizokufa. Za juu akasema bado nzima, nisifungue kisichougua.

Halafu akaanza kunipa maelekezo ya kufunga.

Nikamkatiza. Nikamwambia, "Mama, mimi nimezaliwa na spana mkononi."

Akanitazama juu ya miwani. "Basi mama yako alipata taabu," akasema, na akanifungia mzigo.

Jumamosi nikaingia kazini. Baba akaomba kigoda chake kiletwe bandani, akae. Nikamwambia atachoka. Akasema kukaa hakumchoshi mtu wa umri wake, ndiyo kazi iliyobaki.

Nikalinyanyua gari, nikalikalisha kwenye stendi, magurudumu nikayatoa. Bushi za zamani zilitoka kwa nyundo na machozi. Zile mpya zikaingia kwa kubanwa taratibu, laini, kama zilikuwa zinajua njia. Nikarudisha mikono, nikapitisha boliti. Mbili kulia, mbili kushoto. Nikakaza mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Nikapiga mluzi. Nikafunga magurudumu, nikapiga jeki, nikatoa stendi, nikalishusha gari.

Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Nikajua amesinzia.

Nikalipaka shavu langu grisi. Nikapiga picha. Nikaandika yale maneno.

Pua ya gari ilikuwa imeinuka kidogo kuliko zamani, kama jogoo aliyesifiwa. Dada akauliza mbona limeinuka. Nikamwambia ndivyo mpira mpya ulivyo, una heshima zake.

Wiki nzima nililizungusha. Nililipeleka hadi kwenye barabara za mashimo, makusudi, watu waone lisivyogonga. Na kweli, halikugonga. Mpaka Jumapili ya mtihani, na Baba pembeni yangu, na lile PAA.

Rudini sasa mtaroni.

Nilichungulia chini ya gari. Bushi ya mkono wa chini, upande wa kushoto, mpira wake umechanika wote, umetoka ulimi nje. Nyuma yake ya pili imeanza kufuata.

Baba akasikiliza maelezo yangu yote, kaegemea mlango. Kisha akatoa hukumu bila kupandisha sauti. Kama ni kipuri kibovu, si kosa langu, tutafunga kingine na mtihani utarudiwa. Kama ni mkono wangu, ufunguo unakwenda kwa daktari wa meno.

Ni kipuri, nikasema. Ni yule mama.

Kabla hatujavutwa kutoka mtaroni nilishapiga picha ya ule mpira uliochanika na nilishaiweka kundini. Nikataja duka. Nikaandika kwamba Mama Vipuri nusura atuue mimi na baba yangu kipofu. Neno kipofu nililiweka makusudi, lina uzito.

Likasambaa kama moto wa nyikani. Mmoja akasema alikuwa ameagiza shokapu kwake, anaghairi. Mwingine akasema hata yeye alimshuku siku nyingi, anavyonusanusa vitu. Wengine hata gari hawana, wakaapa hawatanunua kwake.

Mimi nikawa nazisoma komenti kama mtu anayehesabiwa kura.

Asubuhi ya pili nikasema twende dukani, yule mama akaseme mbele ya watu. Baba akasema anakuja. Dada ana kigari chake cha kawaida, akatuendesha. Nikampa simu arekodi laivu. Nikamsisitizia mara mbili: usizime hata iweje.

Akauliza, hata iweje? Nikamwambia hata iweje.

Tulipoingia, duka lilikuwa kimya. Siku ile ya kwanza nilisubiri nyuma ya watu watano. Leo hakuna mtu. Mama Vipuri alikuwa amekaa palepale, lakini miwani ameivua, ameiweka kaunta.

Akamsalimia Baba kwanza. Akamletea kiti mwenyewe, akakipangusa. Halafu akanigeukia, akanyoosha mkono kama siku ile, nimpe ile bushi iliyochanika.

Nikampa. Nikageukia simu nikatangaza kwamba ushahidi uko mezani.

Mama Vipuri akavaa miwani. Akaigeuza ile bushi dirishani kwenye mwanga, muda mrefu. Mtandaoni walikuwa watu mia tatu na kitu, mioyo inapanda kioo kizima.

"Huu mpira haukuoza," akasema. "Umesokotwa. Tazama ulivyochanika mshazari, kama nguo iliyokamuliwa."

Akaeleza polepole, wala hakuwa na hasira. Boliti ya mkono wa chini inaubana mpira usizunguke. Ukiikaza gari likiwa juu na mikono inaning'inia, mpira unaamini pale ndipo nyumbani kwake. Gari likishuka, mkono unapanda, mpira unasokotwa, na unabaki umesokotwa siku zote. Pua inainuka. Mashimo machache tu, unachanika. Ndiyo maana kwanza unalishusha gari likalie magurudumu yake, ndipo unakaza.

Pua inainuka...

Dada nyuma ya simu akanyanyua unyusi mmoja.

"Nilitaka kukwambia siku ile," Mama Vipuri akasema. "Sasa niambie, mwanangu. Ulikaza gari likiwa juu, au likiwa chini?"

Wadau, hapa ndipo pangekuwa mwisho mzuri. Ningesema juu. Neno moja, herufi tatu. Lakini watu mia tatu walikuwa wananitazama, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na kichwani nilishamwona daktari wa meno akirekebisha kioo cha ndani ya gari kwa kidole chake kisafi.

"Chini," nikasema. "Limekalia magurudumu. Mimi si mtoto."

Mama Vipuri akanitazama. Nilidhani atabisha. Nilishaandaa na maneno.

Hakubisha.

Akatazama ile bushi mara moja zaidi, akaishusha. Akasema kama nimekaza vizuri na bado umechanika, basi mpira umezeeka ndani na yeye hakujua. Akasema asingependa mtu mwingine aingie mtaroni na mzazi wake. Akaegemeza ngazi, akapanda mpaka juu kabisa, goti moja linamsumbua, nililiona. Akashuka na lile boksi la marehemu mumewe. Akaanza kuzitupa bushi zote kwenye ndoo ya vyuma chakavu, moja moja.

Ya kwanza ikalia ndooni. Ya pili. Ya tatu.

Mimi nilikuwa nimesimama. Mdomo nilikuwa nao. Sikuutumia.

Ya nne haikulia, kwa sababu Baba alisema, "Mama, subiri."

Alikuwa ameinamisha kichwa, vilevile kama siku ile bandani. Nikajua sasa kwamba hakuwa amesinzia hata kidogo.

"Mimi mambo ya bushi siyajui," akasema. "Kazi yangu ilikuwa redio. Hii habari ya juu na chini ndiyo naisikia leo. Lakini Jumamosi ile nilikaa kwenye kigoda changu, na nikiambiwa nieleze nilichosikia nitakieleza."

Akanyoosha kidole kimoja.

"Spana ililia kulia. Mara ya kwanza, mara ya pili. Ikalia kushoto. Mara ya kwanza, mara ya pili. Ikanyamaza." Akanyoosha cha pili. "Mwanangu akapiga mluzi." Cha tatu. "Magurudumu yakafungwa. Halafu, mwisho kabisa, ndipo niliposikia jeki ikipumua na gari likishuka. Baada ya hapo spana haikulia tena. Nilikuwa naisubiri, maana hodari wangu hanyamazi akiwa na kazi."

Mama Vipuri ameshika bushi juu ya ndoo.

"Baba..." nikaanza.

"Boliti ukiikaza vibaya, unailegeza, unakaza upya," akasema. "Jina la huyu mama utalilegeza kwa spana gani?"

Spana hiyo mpaka ninavyoandika hapa sijaipata, ila najua kazi inaanzia kwenye kundi lilelile, kwa herufi kubwa zilezile, na ndiyo maana mnasoma haya.

Mama Vipuri akainama, akaanza kuziokota zile tatu ndooni, akazipangusa kwa ncha ya kanga. Hakunitazama. Ningefurahi angenitukana.

Baba akafungua kiganja chake, akakiweka wazi juu ya goti. Hakuniambia cha kuweka. Nikatoa ufunguo mfukoni, nikauweka.

Mioyo ilikuwa imeacha kupanda kwenye kioo. Sasa zilikuwa zinapanda komenti, na kila moja ilikuwa na maneno yangu mwenyewe: mtu wa kuniuzia bushi feki bado hajazaliwa.

Nikamwashiria Dada kwa mkono, chini chini, azime simu.

Dada akanisogelea karibu zaidi, mpaka nikauona uso wangu wote kwenye kioo.

"Mdogo wangu," akasema, "uliniambia hata iweje."